Mikono ya Kobelo

Siku hizi waimbaji wakubwa hawasafiri. Huazima mwili wa shabiki mmoja, wakauingia kutoka mbali na kuwasalimia wengine. Jumamosi hiyo, kwenye ukumbi wa mikutano wa Morogoro, mwili ulikuwa wa Kobelo, fundi cherehani. Alirudi nyumbani hakumbuki kitu.

“Na wewe ulipanga foleni?” Kobelo alimuuliza mkewe, Semeni.

“Mara tatu.”

Akamwonyesha picha. Shati alilishona Kobelo mwenyewe, mikono ni yake, lakini Semeni aliyekumbatiwa alicheka kama enzi za uchumba wao. Kobelo akaionea wivu mikono yake.

“Mbona mimi hunichekei hivi?”

“Hunikumbatii hivyo.”

Semeni akaendelea kulipiga pasi lile shati.

“Walipiga simu,” akasema. “Wanakuomba tena kesho. Nimeshawajibu uko tayari.”