Upepeo wa Jikoni

Siku hizi hupigwi mionzi mpaka hospitali isome kwanza vinasaba vyako, halafu ikutumie kwenye simu siku ambayo ngozi yako itaungua. Ujumbe wangu ulikuja Ijumaa nikikuna nazi: titi la kushoto, siku ya kumi na nne, kuungua sana.

"Nimepangiwa tarehe kama bibi harusi," nikamwambia binti yangu, Saumu. Hakucheka.

Nikamsimulia habari za mama yangu, bibi yake, aliyepigwa mionzi zamani bila kuambiwa lolote. Kifua chake kilipoungua, mimi na dada zangu tulipokezana kumpepea kwa upepeo wa ukili, ule wa kuchochea mkaa, naye akitukemea, "Taratibu, mimi si muhogo!" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani. Hadi leo nikinusa mkaa, namsikia.

Saumu akaenda jikoni, akarudi na upepeo uleule, kingo zake nyeusi kwa moto.

"Haya, tufanye mazoezi," akasema, akaanza kunipepea.

Simu yake ikalia mlio wa hospitali. Ndiyo sheria: mama akisomwa vinasaba, binti naye husomwa na kutumiwa majibu yake, atake asitake. Akasoma, akailaza simu kifudifudi mkekani.

"Wanasemaje?"

"Matangazo tu, Mama."

Aliendelea kupepea, ila upepo haukunifikia tena. Alikuwa anajipepea mwenyewe, kifuani, wala hajijui.

Nikauchukua upepeo mkononi mwake, nikampepea.

"Taratibu, Mama," akasema. Nikangoja amalizie utani wa bibi yake. Hakumalizia.