Cheti cha Tunsume

Siku hizo hakuna aliyefunga ndoa bila cheti cha vinasaba kinachotaja magonjwa yatakayompata. Programu inayoyakokotoa iliandikwa na Dakta Atuganile, na sasa binti wa kaka yake, Tunsume, alikuwa sebuleni kwake ameshika cheti kisemacho figo zake zitakufa kabla hajafika arobaini. Upande wa mchumba ulikuwa umeshajitoa.

"Shangazi, programu yako haiwezi kuwa imekosea?"

Atuganile alijua fika kwamba alipoiandika hakuwa na takwimu za watu wa kwao. Alijazia kwa makisio, akapewa tuzo. Kulisema hilo leo kungekuwa kukiri mbele ya maelfu waliokwisha kuachwa na wachumba kwa vyeti hivyo.

"Haikosei, mwanangu," alisema.

Tunsume alimshukuru, akaenda kumpikia chai. Atuganile aliipokea kwa mikono miwili, asiweze kumtazama usoni.