Fidla ya Chumba cha Nyuma

Upinde ulipoanguka sakafuni, bibi alikuwa tayari ameshika viatu mkononi.

"Samahani, mama!" mumewe aliita kutoka chumba cha nyuma.

"Endelea tu, baba!" alijibu, kwa sauti ya mtu aliyetulia kitini akishona kifungo. Kisha akanyata na soksi zake, akauruka ule ubao unaolia, akafungua mlango wa mbele taratibu na kutoka.

Kununua fidla kulikuwa wazo la binti yao, muuguzi. Daktari alipowakataza wazee wote wawili sukari, binti alisema baba atafutiwe kitu cha kushika, maana mikono ya fundi redio aliyestaafu haiwezi kukaa bure. Ikikaa bure inafungua makabati.

Mwanzoni mzee alijifunza mlango ukiwa wazi. Bibi alimshikia kitabu cha nota, akamsugulia upinde kwa utomvu mpaka vumbi lake jeupe likamwingia puani, akamrudishia kidevu mahali pake kila kilipoteleza. Nyuzi zililia kama paka aliyebanwa mkia na mlango. Halafu mzee akaanza kuona haya.

"Mwanafunzi hatazamwi, mama. Niache nikosee peke yangu."

Akahamia chumba cha nyuma, karakana yake ya zamani, yenye mizoga ya redio mpaka darini na kimlango cha uchochoroni walikoingilia wateja. Kila alasiri alijifungia humo kwa ufunguo.

Bibi hakulalamika. Maadamu chumba cha nyuma kinapiga kelele, mzee yumo. Na maadamu mzee yumo, yeye alikuwa na nafasi ya kwenda mahali, kurudi, na kufuta mdomo vizuri.

"Shoga," jirani yake mshonaji alimwambia siku moja, pini zikiwa mdomoni, "mbona mzee wako haendi mbele? Jana na leo ni yaleyale. Do, re, mi, fa, kikohozi mara mbili, upinde chini. Mimi sasa naweza kumwimbia."

"Kichwa kigumu tu huyo," bibi alisema. "Hata baiskeli alijifunza akiwa na mvi."

Shida ilikuwa kile kimashine cha binti cha kupimia sukari. Jumamosi iliyopita aliwatoboa vidole, akasoma, akawatazama kama watoto waliovunja sahani.

"Ya baba imepanda. Ya mama imepanda. Humu ndani nani anamdanganya nani?"

Mama akamtazama baba kwa huruma. Baba akamtazama mama kwa huruma zaidi.

"Sawa. Nikija tena nikakuta hivi, mnahamia kwangu, wote wawili. Nyumba hii tunaipangisha, na kila kitakachoingia midomoni mwenu nitakipima mimi."

Binti huyo hakuwa mtu wa kutania. Alipoondoka, bibi aliliangalia jiko lake, dirisha lake linalopata jua la asubuhi, kiti chake kilichokwisha kushika umbo la mwili wake, akaapa kwamba basi, yamekwisha. Na kweli, siku kadhaa hakuonja kitu. Lakini leo ilikuwa Ijumaa, kesho kimashine kinakuja, na yeye aliona si adabu kuachana na keki bila hata kuagana nayo. Kipande kimoja. Chembamba.

Duka lake la siku zote lilikuwa limefungwa, mafundi wanapaka rangi. Mtu mwenye akili angegeuza. Bibi alikaza mwendo mpaka duka la pili, nyuma ya posta, ambako hakuna aliyemjua.

"Umechelewa kidogo tu, mama yangu," muuzaji alisema, akifuta kioo cha kabati. "Ya chokoleti imeisha sasa hivi. Kipande cha mwisho kachukua yule mzee pale pembeni, mteja wangu wa kila siku. Na kakatiwa kikubwa! Mwombe, ni mtu wa masihara yule, hatakunyima."

Bibi alisita. Akafikiria kesho. Akafikiria chokoleti. Akaenda.

Mzee alikuwa amekaa akiwapa watu mgongo, kola ya koti imesimama, kichwani kofia pana ambayo bibi hajawahi kuiona popote. Aliinamia sahani kama fundi anayetafuta skrubu iliyopotea. Bibi alipokaribia, akitafuta namna ya kuanza, mzee alipaliwa na chembe ya keki. Akakohoa mara mbili. Uma ukamponyoka, ukaanguka sakafuni.

"Samahani, mama," alisema, akiinama kuuokota bila kugeuka.

"Endelea tu, baba," bibi akajibu, ulimi ukikitangulia kichwa.

Uma haukuokotwa.

Nyumbani, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, fidla ilikuwa imelala ndani ya sanduku lake. Do, re, mi, fa. Kikohozi mara mbili. Upinde chini. "Samahani, mama!" ikaita redio kaseti, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kuijibu.