Kilima cha Chiriku

Dada mkubwa alimkumbatia mdogo wake mbele ya watu wote, akambusu shavuni, akamwambia, "Hongera, mdogo wangu, umetutoa kimasomaso." Kisha akajifungia chooni akacheka mpaka akashika sinki.

Jamani, kuna furaha nyingine huzipata wenye kijicho tu.

Huyo mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa ametangaza asubuhi ile kwamba timu yake imeona kilima. Katika maabara yao hilo si jambo dogo. Chini ya ardhi mashine iligonganisha chembe, na juu, maofisini, watu walichora grafu za vipande vilivyotawanyika. Grafu ikishuka laini, hakuna kitu. Ikiinuka mahali pamoja kama kilima, huenda hapo pana chembe ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Waliyokuwa wakiitafuta ni ndugu wa ile chembe maarufu inayotuonyesha chembe nyingine zinapata wapi uzito.

Mama yao aliwahi kuuliza uzito huo unatoka wapi hasa. Dada mkubwa akamjibu kwa hesabu mpaka mama akapiga miayo. Chiriku akadakia: "Mama, ni kama upepo uliojaa kila mahali. Aliyefungua mwavuli unamshika, anakwenda kwa tabu, huyo ndiye mzito. Mwanga hauna mwavuli, unajipitia zake."

"Kumbe!" mama alicheka. "Basi dada yako huyu alizaliwa na mwavuli wazi."

Wakacheka wote. Dada mkubwa naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nani aliyemfundisha Chiriku kugawanya? Yeye. Nani aliyemtafutia kazi hapa? Yeye. Na leo watu wakikutana naye kwenye korido humuuliza, "Wewe si ndiye dada yake Chiriku?" Roho ilimuuma, usiseme. Sikio halipiti kichwa. Hivyo ndivyo alivyolelewa.

Sasa, maabara ile ilikuwa na desturi yake. Kila msimu mkurugenzi humteua mtu mmoja kwa siri, atie chembe ya uongo ndani ya data ili kuzipima timu. Wenyewe waliuita mtego. Timu ikidhani imegundua kitu, hufunika grafu yake na kuwaita wote ukumbini, na kabla ya kuifunua, mtegaji husimama kusema kama ni mtego wake. Wategaji walio waungwana humnong'oneza mwenzao mapema, asije akaaibika. Na kwa kuwa mtegaji ameona majibu kabla ya mtihani, jina lake haliingii katika ugunduzi wowote wa msimu huo. Ndiyo maana wengi waliikwepa kazi hiyo.

Msimu huu dada mkubwa aliiomba mwenyewe. Ugunduzi gani, kwani? Ametafuta ujana wake wote, hakuona kitu. Akatengeneza kilima kizuri, akakipanda palepale Chiriku alipopenda kuchimba.

Na Chiriku kanasa.

Siku moja kabla ya kikao, Chiriku alimfuata ofisini. "Dada, njoo uione grafu kabla hatujaifunua."

"Nitaiona na wenzangu."

"Wenzangu wanasema tusubiri kidogo. Wewe unaonaje?"

"Usubiri nini? Watu watakuwahi. Tena mwite na mama aje."

Chiriku alimtazama, akachezea kitasa cha mlango. "Huna la kuniambia kweli, dada?"

"La nini tena? Nimeshakupa hongera."

Mama alikuja na gauni jipya, akawekwa kiti cha mbele. Alipomwona amekumbatia mkoba wake namna ile, dada mkubwa alishikwa na huruma. Alitaka kuinuka, amvute Chiriku pembeni, amwambie yaishe. Lakini mama akamgeukia jirani yake, akamnyooshea kidole Chiriku jukwaani, akasema kwa sauti ya kusikika nyuma, "Yule ni mwanangu."

Dada mkubwa alingoja mama ageuke nyuma amwonyeshe na yeye. Mama hakugeuka.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye alishiriki, akajipakulia. Huruma ikamtoka.

"Kabla hatujafunua," alisema mkurugenzi, "mtegaji ana neno?"

Akainuka. Raha ilimjaa.

"Nisameheni, wenzangu. Na wewe, mdogo wangu, unisamehe. Kilima hicho nilikipanda mimi. Ni cha uongo."

Ukumbi uliguna. Mtu mmoja akasema, "Masikini!" Mama akajiziba mdomo kwa kiganja, akawa anawatazama binti zake kwa zamu, haelewi nani kamfanya nani nini.

Chiriku hakulia. Alibonyeza kitufe, grafu ikajaa ukutani. Dada mkubwa aliangalia moja kwa moja pale alipopanda, na pale palikuwa tambarare. Kilima kilikuwa kwingine kabisa.

"Chako tulikiona mwanzoni kabisa, dada, tukajua ni mtego, tukakitoa," Chiriku alisema taratibu. "Hiki hakukipanda mtu."