Nafasi ya Yatima

Baba wa saba alikufa saa nne na nusu asubuhi, sahanini zikiwa zimebaki sambusa mbili.

"Inna lillahi," alisema Bi Fahima, akachukua moja.

Baba Dena alisimama ukutani na birika la chai ya tangawizi, uzito wote kauegemeza kwenye mguu ulio mzima. Kazi yake ilikuwa kuosha masufuria jikoni mwa chuo. Leo aliitwa tu kuwahudumia wakubwa kwa kuwa mhudumu wao alikuwa mgonjwa. Angalijua atakayoyasikia, angaliugua yeye.

Wakubwa walikuwa wawili: Bi Fahima wa ustawi wa wanafunzi, na Bwana Mramba, mwenyekiti. Walikuwa wakigawa vibarua vya wanafunzi: kupanga vitabu maktabani, kufagia maabara, kukata tikiti za chakula. Malipo huingia moja kwa moja kwenye karo, na asiyemaliza karo kufikia Jumatatu hafanyi mtihani. Mfadhili alitaka kazi hizo wapewe mayatima tu. Tangu tangazo libandikwe, akina baba wa Kilifi walikuwa wakifa kama kuku walioingiliwa na kideri.

Mmoja aligongwa na lori. Mmoja alikula bunju, samaki wa sumu. Mmoja alikuwa "ameugua tu", mtoto wake hakujisumbua hata kutunga ugonjwa. Watoto waliingia na barua ya chifu mkononi, wakatoka wakichezea simu.

Baba Dena alihisi kinywa kimejaa mate machungu. Kwao, mzazi aliye hai haitwi marehemu hata kwa mzaha. Kinywa huumba. Mtoto anayemzika babake kwa mdomo ili apewe ufagio hajapungukiwa na karo. Amepungukiwa na utu.

Alivumilia hadi alipoingia wa nane, kijana aitwaye Kambi.

"Babangu aliaga dunia mwezi wa tatu," alisema Kambi, akavuta kamasi kwa ustadi.

"Muongo!" Birika liligonga meza. "Babake nimemwona jana hapo Kibaoni akinipunja mihogo! Maiti gani apunjaye watu?"

Bwana Mramba alicheka hata chai ikamtoka puani. Bi Fahima hakucheka. "Toka," alimwambia Kambi, na jina lake likakatwa kwa kalamu nyekundu.

Mlangoni kijana aligeuka. "Sawa, mzee. Na ningefanya mtihani, wewe ungepungukiwa na nini?"

"Huna adabu," alisema Baba Dena. Alitoka nje, akatema mate kwenye maua, akarudi.

"Basi leo wewe ndiwe hakimu wetu," Bwana Mramba alimwambia, akijifuta shati. "Mimi na Bi Fahima tunadanganywa kama watoto wa chekechea."

Nafasi ilikuwa imebaki moja: maktaba.

Akaingia Sidi Kalume, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kola ya shati imepigwa pasi ya makaa hata inang'aa. Alipoona waliomo chumbani alisita, mkono ungali kwenye kitasa.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, hatuli watu," alisema Bi Fahima.

Bwana Mramba aliinua fomu. "Umeandika hapa kwamba baba alianguka mnazi akigema. Akafa. Miaka miwili sasa." Alimtazama juu ya miwani. "Ni kweli?"

Sidi alitazama sakafu. Vidole vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la sketi. "Ndiyo," alisema, kwa sauti isiyofika mezani.

"Sema tukusikie."

"Ni kweli. Amekufa."

Chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikashika njia ya kitambaa cha meza.

"Baba Dena, waniunguza!" Bwana Mramba aliruka. "Mwaona? Hata mzee wetu amechoka na maiti." Kisha akapata wazo. "Binti, kwenu wapi?"

"Matsangoni."

"Aa! Baba Dena, si ndiko kwenu? Haya, hakimu, tuambie. Huyu naye babake anauza mihogo?"

Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi mwa Bi Fahima. Sidi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakuwa akiomba. Alikuwa akingoja, kama mtu angojaye kofi.

Yale mate machungu yalimrudia Baba Dena kinywani, mengi kuliko ya asubuhi yote. Safari hii hakuwa na pa kuyatema. Akayameza.

"Babake namjua," alisema. "Nilimjua. Mnazi alianguka kweli."

"Ulikuwako mazikoni?"

"Nilikuwako. Mchanga nilimtilia kwa mkono huu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Bi Fahima, akaitamka yote, na kipande cha sambusa akakirudisha sahanini. Akaiweka kalamu nyekundu, akachukua ya buluu, akaandika: *Maktaba. Aanze leo.* Jumatatu Sidi angefanya mtihani.

Msichana aliichukua fomu, akaitia kwapani. Alitoka amejiziba uso kwa viganja.

"Mtoto ana mapenzi yule," alisema Bi Fahima. "Miaka miwili, na bado amlilia babake."

"Wa kweli hujulikana tu," alisema Bwana Mramba.

Baba Dena alikusanya vikombe kwenye sinia, akatoka. Sidi alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini, macho mekundu, fomu ameikumbatia kifuani. Alifungua kinywa. Baba Dena alimpita bila kumtazama.

"Ukifika nyumbani," alisema, "umwambie mamako nimekufa."