Kioo cha Bafuni

Nyumba ya Mwanahawa ilikuwa ya mwisho mtaani kufungiwa kioo cha lazima, kile kinachopima maradhi. Miaka sita, tangu aolewe, malengelenge ya sehemu za siri yalimrudia kila alipochoka, naye akipaka dawa ya fangasi ya dukani.

Leo aligusa kioo kwa kidole.

“Ni herpesi, mama,” kilisema. “Haitoki mwilini, ila ukimeza vidonge mapema itatulia.”

Mwanahawa akapiga vigelegele. Kumbe ina jina! Kumbe ina dawa!

“Baba Nasra, njoo nawe upimwe!”

Mumewe alikuja taratibu, akagusa.

“Karibu tena, Bwana Hemedi. Vidonge vyako vya mwaka wa saba tulete hapa, au kazini kama kawaida?”