Pingamizi Moja

Matokeo ya kura yalirudi vilevile kwa mara ya tatu: sitini na mmoja wamekubali, mmoja amekataa.

Eunike aliilaza simu kifudifudi juu ya madaftari ya wanafunzi. Mtu mmoja. Kwa sababu ya mtu mmoja asiyejulikana, Lilian angeendelea kutukanwa.

Mtandao wao waliuita Kihamba, kama shamba la nyumbani. Haukuwa na kampuni wala mwenyekiti. Kompyuta yake, ndogo kama Biblia, ilikaa kwenye rafu ya Abdiel, fundi simu wa Kwa Mrombo, ikiongea na kompyuta za vikundi vingine, Moshi hadi Nairobi, bila yeyote kuwa juu ya mwenzake. Walihamia huko baada ya mtandao mkubwa kulifuta kundi lao kwa siku moja bila kuwaambia kosa lao. Huku walikubaliana kwamba hakuna atakayemfukuza mtu peke yake. Mkorofi ataongeleshwa kwanza. Akishindikana, wote watapiga kura ya siri, na pingamizi moja linatosha kumbakiza.

Aliyejiita Jirani Mwema aliandika kutoka kompyuta ya kikundi cha mbali, ambacho wanachama wake hawakujibu ujumbe wa mtu. Kila jioni alimwandika Lilian, fundi cherehani wa Moshono. Kwamba anaiba vitambaa vya wateja. Kwamba analala na wanaume wa kwaya. Aliandika hata kuhusu gauni la kijani ambalo Lilian alikuwa amejishonea na hajawahi kutoka nalo nje. Eunike aliona wazi kwamba ni mteja anayeingia dukani kwa Lilian. Wateja wenyewe walianza kuja kuchukua vitenge vyao kabla havijakatwa, na kanisani Lilian akawa anakaa benchi peke yake.

"Basi mzibe kwenye simu yako," Eunike alimwambia. "Usimwone."

"Nikimziba, dada, nitajuaje kama ameandika?"

"Ujue ili iweje?"

Lilian alipitisha uzi kwenye sindano. "Muache aandike. Akishamaliza atalala."

Eunike alichukulia kuwa ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Jumamosi nzima alizunguka mwenyewe, kutoka Moshono hadi Ngaramtoni, akiuliza wanachama mmoja mmoja. Wote walisema wamekubali. Hata Brayson, mume wa Lilian, aliyeachishwa kazi ya kuendesha watalii na siku hizi akishinda barazani na simu yake, alisimama kumpisha kiti.

"Shemeji, huyo mtu mkimjua, mniambie mimi kwanza," alisema kwa upole.

Majirani walimsifu. Walisema ametulia sana mwaka huu.

Alibaki mtu mmoja wa kumshuku. Jumatatu, baada ya vipindi, Eunike alikwenda Kwa Mrombo.

"Ni wewe unayekataa?"

"Mimi nimekubali mara zote tatu, mwalimu." Abdiel hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Lakini aliyekataa ana sababu yake, na sisi hatuijui. Ndiyo maana tuliweka hivyo."

"Mtu anaumia, wewe unanihubiria utaratibu?"

"Siku mmoja wetu akifunga mlango peke yake, tumerudi kulekule tulikotoka. Tena safari hii hatutakuwa na wa kumlaumu."

Neno la siri la ile kompyuta walikuwa nalo wawili tu, Abdiel na Eunike, kwa ajili ya kuirudisha hewani umeme ukikatika. Jumanne, saa ya mapumziko, akiwa ofisi ya walimu, Eunike alilitumia. Haikumchukua hata muda wa kusahihisha daftari moja. Kikundi chote cha mbali kikafungiwa nje, na Jirani Mwema akatoweka pamoja na maneno yake.

Abdiel aligundua jioni ileile. Hakugombana naye. Aliwaandikia wanachama kilichotokea na nani amekifanya, basi. Kufikia Jumatano ishirini na wanane walikuwa wamejitoa, wengine bila kuaga. Wawili kati ya waliobaki walimuuliza Eunike kama sasa waombe ruhusa kwake kabla ya kuandika. Alisoma, akarudi kwenye madaftari yake. Alijiambia kwamba Kihamba kikifa, kife, ili mradi kuna mtu mmoja atakayelala kwa amani.

Alhamisi alikuta duka la Lilian limefungwa. Mama anayeuza ndizi pembeni alisema fundi yuko hospitali, ameanguka bafuni.

Alimkuta wodini, mkono umefungwa plasta hadi begani, taya limevimba, jicho moja halifunguki. Eunike alivuta kiti, akavishika vile vidole vilivyochomoza kwenye plasta, akatafuta habari njema ya kumpa.

"Yule mtu hatakuandika tena, mdogo wangu. Nimemfungia mimi mwenyewe."

Lilian alimtazama kwa lile jicho lililobaki. Hakulia. Alisubiri muuguzi apite na toroli lake hadi mwisho wa wodi.

"Lile pingamizi lilikuwa langu, dada," alisema. "Brayson akishaandika, alikuwa hanipigi."